Darubini janja au kioo cha milimita 150? Kupiga picha galaksi yenye upau ukiwa Mwanza

Mtu ana akiba yake na anataka kupiga picha ya galaksi. Mwezi ameshaupiga kwa simu, pete za Zohali ameshaziona kwa darubini ya rafiki, sasa anataka galaksi yenyewe: ile yenye upau wa nyota katikati na mikono miwili inayojikunja kuanzia kwenye ncha za upau huo. Anajiuliza anunue darubini janja ndogo, ya kujiendesha yenyewe kwa amri ya simu, inayoingia kwenye begi la mgongoni, au anunue darubini ya kioo ya milimita 150 pamoja na kiweko kizito cha ikweta, yaani stendi yenye mhimili unaozunguka kufuata nyota. Ushauri mwingi uliopo mtandaoni umeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, na kwao uko sawa. Ukiuleta Mwanza unaanza kuyumba, maana sisi tuko nyuzi 2.5 tu kusini mwa ikweta, na jambo hilo moja linavuruga mahesabu mengi.

Msimamo wangu nautoa mapema ili usome ukijua ninakoelekea: hapa kwetu kiweko na giza vinaamua zaidi kuliko upana wa kioo. Anayeanza kwa kuulizia upana wa kioo ameanzia mwisho.

Galaksi ipi kwanza?

Chagua shabaha kabla ya kuchagua chombo. Zipo nyingi zenye upau, hata Njia Nyeupe tunamokaa ina wake, lakini kwa ua wa nyumba ya Mwanza nawapa watu mbili tu za kuanzia.

M83 iko kwenye kundinyota la Shuja, karibu na mpaka wa Kantarusi. Umbali wake ni takriban miaka ya nuru milioni 15, mwangaza wake ni wa daraja la 7.5 (namba ikiwa kubwa, mwanga ni hafifu zaidi), na upana wake angani ni dakika 13 za tao, chini kidogo ya nusu ya upana wa mwezi mpevu. NGC 1365 iko kwenye kundinyota la Tanuri, mbali takriban mara nne zaidi, mwangaza wa daraja la 9.5 hivi, upana dakika 11. Zote mbili ziligunduliwa na watu waliokuwa kusini mwa dunia: mwanaastronomia Mfaransa Lacaille aliiona M83 mwaka 1752 akiwa Rasi ya Tumaini Jema, na James Dunlop akaiona NGC 1365 mwaka 1826 akiwa Australia. Si ajabu. Kutoka Paris, M83 hupanda nyuzi 11 tu juu ya upeo, imezama kwenye ukungu na taa za mji. Kutoka Mwanza hupanda nyuzi 62. Hapo tumewazidi, na bure.

Tofauti yao ni ya upau wenyewe. Upau wa M83 ni mfupi na umemezwa na mng'ao wa katikati, ndiyo maana wanaastronomia wanaiweka kwenye kundi la nusu kwa nusu, SAB. Anayeitazama picha yake kwa mara ya kwanza huona mikono kwanza, na upau huuona akionyeshwa. NGC 1365 ni SB, yenye upau kamili: upau umenyooka, mikono inakata kona kali kwenye ncha zake, na hata kwenye picha duni unaona umbo la herufi Z. Upau huo una kazi. Gesi huteremka kupitia humo kuelekea kitovuni na kuzaa nyota mpya, na kwenye picha nzuri unaona mistari myeusi ya vumbi ikikimbia sambamba na upau.

Kalenda nayo ina maneno yake. Kiangazi chetu kikuu ni Juni hadi Septemba. Katikati ya Juni giza linapokamilika, saa mbili usiku hivi, M83 iko karibu kabisa na kilele chake upande wa kusini, na inabaki juu ya nyuzi 30 mpaka kama saa sita. Unapiga picha, unalala, kesho unakwenda kazini. NGC 1365 ndiyo yenye masharti. Usiku wa manane huwa kileleni katikati ya Novemba, wakati ambao vuli imetanda. Unabaki na njia mbili: Septemba, ukiamka saa saba usiku na kukaa nayo hadi saa kumi na moja alfajiri, au Januari jioni, kati ya vuli na masika, ukibahatika mawingu yakipasuka.

NGC 1300, ile inayopendwa sana kwa picha ya Hubble, darubini ya angani, upana wake ni dakika 6 tu za tao na mwangaza wake ni hafifu zaidi. Iache kwanza.

Vyombo viwili mezani

Darubini janja ninayoichukua kama mfano ni Seestar S50, kwa sababu ndiyo inayotajwa sana. Lenzi yake ina upana wa milimita 50, urefu wa fokasi milimita 250. Kamera, mota, betri na kompyuta vyote viko ndani ya kiboksi kimoja cha kilo 2.5. Unaiendesha kwa simu: unachagua jina la galaksi, inajipima kwa nyota zilizopo angani, inageuka yenyewe, inaanza kupiga picha za sekunde 10 moja baada ya nyingine na kuzipandanisha papo hapo ziwe picha moja. Bei yake kiwandani ni dola 500 na kitu, kabla ya usafiri na ushuru.

Upande wa pili ni darubini ya kioo ya aina ya Newton, milimita 150, fokasi milimita 750. Bomba lenyewe si ghali. Gharama iko kwenye vinavyolizunguka: kiweko cha ikweta chenye mota, kamera (hata Canon ya mtumba inafaa), lenzi ya kurekebisha nyota za pembeni, kamera ndogo ya kuongoza (inayotazama nyota moja na kusahihisha mwendo wa kiweko), laptopu, na chanzo cha umeme cha volti 12. Ukijumlisha kwa bei za kawaida hushuki dola 2,000, na mzigo mzima unafika kilo 30 au zaidi.

Unalipia nini basi? Eneo la kioo cha milimita 150 ni mara tisa ya lenzi ya milimita 50, kwa hiyo mwanga unaoingia ni mara tisa. Na undani: kwa S50, M83 nzima inachukua takriban pikseli 320 kwa upana. Kwa darubini ya kioo yenye kamera ya kawaida inachukua zaidi ya 700, na mafundo ya waridi ya nyota changa kwenye mikono yake yanaanza kutengana moja moja. Kwa NGC 1365 tofauti ni kubwa zaidi. S50 inakupa Z iliyo wazi yenye kitovu kinachong'aa. Kioo cha milimita 150, usiku ukiwa mtulivu, kinakupa mistari ya vumbi ndani ya upau. Nikiulizwa ipi inatoa picha bora, jibu halina ubishi. Swali ni kama utafika huko.

Ncha ya anga iliyolala chini

Hapa ndipo ushauri wa Ulaya unapovunjikia. Kiweko cha ikweta hufanya kazi kwa kuelekeza mhimili wake mmoja kwenye ncha ya anga, nukta ambayo nyota zote huonekana kuizunguka, kisha kuuzungusha taratibu ili ufuate nyota. Mtu wa London anaitafuta Kutubu, nyota iliyo karibu kabisa na ncha ya kaskazini, anaiweka katikati ya kijilenzi cha mhimili, amemaliza. Kwetu Kutubu haionekani, imezama chini ya upeo wa kaskazini. Ncha ya kusini tunayo, lakini iko nyuzi 2.5 juu ya upeo: nyuma ya mlima wa mawe, nyuma ya bati la jirani, ndani ya vumbi na moshi wa mashamba. Nyota pekee ya maana iliyo karibu nayo ni hafifu ya daraja la 5.4. Usihangaike nayo.

Tatizo la pili ni chuma chenyewe. Viweko vingi vimetengenezwa kwa latitudo za kati. Unazungusha skrubu ya latitudo kuteremsha mhimili, na kwenye nyuzi 10 au 15 inagoma. Kwa hiyo ukiwa dukani au mtandaoni, mstari wa kwanza kusoma kwenye karatasi ya sifa ni kiwango cha latitudo. Vipo vinavyoshuka hadi sifuri, CEM26 ya iOptron na AM5 ya ZWO ni mifano. Ukishakwama na kinachoishia nyuzi 10, utalazimika kukiinamisha kwa nyuzi 7.5 zilizobaki: geuza stendi ili mguu mmoja uelekee kaskazini, kisha unyanyue mguu huo. Kwa kila mita moja kutoka mguu wa kaskazini hadi mstari wa ile miwili ya kusini, unanyanyua sentimita 13 hivi. Mpangilio huo unatibu na ugonjwa mwingine wa ikweta, kwamba fimbo ya uzito wa kusawazisha huning'inia wima kwenye nafasi ya kuanzia na kugonga mguu wa stendi. Ukiwa na miguu miwili upande wa kusini, fimbo inapita katikati yao. Ijaribu mchana, kwa mkono, mota zikiwa zimezimwa.

Baada ya hapo unapanga mhimili bila kuiona ncha. Njia ya zamani ni kuangalia nyota inavyohama: moja iliyo juu kusini kwa ajili ya kushoto na kulia, nyingine iliyo chini mashariki au magharibi kwa ajili ya juu na chini. Njia ya leo ni programu ya bure ya NINA, yenye kipengele kinachopiga picha tatu popote angani na kukuambia umekosea kwa kiasi gani na upande gani. Inafanya kazi Mwanza vizuri tu. Kinachochosha ni kwamba kila ukibomoa kiweko na kukijenga upya, zoezi linaanza upya.

Darubini janja inaruka yote hayo, kwa sababu haijali ncha. Inageuka kushoto na kulia, juu na chini, basi. Lakini nayo inatozwa kodi yake. Inapofuata galaksi kwa namna hiyo, picha inazunguka polepole ndani ya fremu, na kasi ya mzunguko huo karibu na ikweta ni kubwa kuliko wanayoizoea wenzetu wa kaskazini. M83 ikiwa kileleni, fremu inazunguka kama nyuzi 33 kwa saa. Ikiwa bado iko nyuzi 30 juu ya upeo, kasi ni kama nyuzi 9 au 10. Maana yake kwa mikono: picha ya sekunde 10, nyota ya kwenye kona kabisa inavutika kwa pikseli moja na nusu hivi, huioni. Picha ya sekunde 30, inavutika kwa pikseli tano, na hapo kona zinakuwa na vijistari badala ya nyota. Baki kwenye sekunde 10 galaksi inapokuwa juu, na ukitaka ndefu zaidi zipige ikiwa bado inapanda au imeshaanza kuteremka. Galaksi yenyewe iko katikati ya fremu, haiumii. Kona utazikata.

Kuna wanaosema S50 sasa inaweza kuwekwa kwa mtindo wa ikweta. Ni kweli, kwa kuinamisha stendi kulingana na latitudo. Fikiria inavyokuwa kwa nyuzi 2.5: kiboksi kinalala ubavu karibu kabisa, uzito wote umening'inia upande mmoja wa kistendi kilichokuja nacho. Labda uwe na stendi nzito ya video. Mimi siishauri.

Giza, na hesabu inayogeuza meza

Turudi kwenye ile mara tisa. Tuseme anga la katikati ya jiji liko angavu kuliko la kijijini kwa madaraja matatu ya mwangaza, jambo lisilo la ajabu kwa jiji la pili kwa ukubwa nchini. Madaraja matatu ni mara 16. Kwa kitu hafifu kama mikono ya galaksi, hiyo ni sawa na kuhitaji muda mara 16 ili upate picha yenye usafi uleule. Faida ya kioo kikubwa ni mara tisa, hasara ya taa za jiji ni mara kumi na sita. Kwa hiyo darubini ya milimita 50 iliyopelekwa kisiwani Ukerewe inaikamata mikono hafifu ya NGC 1365 vizuri kuliko ya milimita 150 iliyoachwa juu ya ghorofa pale katikati ya mji. Undani itazidiwa, kina haizidiwi.

Ndiyo maana nauliza watu wana usafiri gani kabla ya kuwauliza bajeti. S50 unapanda nayo meli ya Nansio, bandari ya Ukerewe, imekaa mapajani. Hata bodaboda inatosha. Kilo 30 za chuma na kioo zinataka gari, na zinataka mtu wa pili. Njia ya barabara imekuwa rahisi tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, huna tena foleni ya feri kwenda upande wa Sengerema, lakini bado ni gari. Na bomba la Newton likishapita barabara ya vumbi, vioo vinakuwa vimehama kidogo, unaanza kuvipanga kwa leza kabla hujafanya lolote.

Usidhani ufukweni ni giza moja kwa moja, hata hivyo. Wavuvi wa dagaa na wapiga picha wa anga wanataka usiku uleule. Wao wanaingia ziwani kipindi cha giza na kupumzika mbalamwezi ikiwa kubwa, nasi vivyo hivyo. Wiki ambayo anga ni jeusi, maji yamejaa taa: karabai zimepungua, taa za sola zimechukua nafasi, na ni kali zaidi. Kwa bahati shabaha zetu ziko kusini na ziko juu, nyuzi 56 hadi 62. Kinachotakiwa ni kutokaa mstari wa mbele wa mwalo. Rudi nyuma ya nyumba au jiwe kubwa, lililo kati yako na maji. Jiwe kubwa sana nalo linatoa joto la mchana mpaka usiku na kuifanya hewa itetemeke, kwa hiyo acha nafasi. Na utatembelewa.

"Kaka, shikamoo. Hicho kidude kinavua nini?"

"Marahaba. Kinavua nyota, mdogo wangu. Njoo uone kwenye simu."

Kwa darubini janja wageni wanaona galaksi ikijijenga kwenye simu kila baada ya sekunde 10. Kwa darubini ya kioo unawaonyesha laptopu yenye grafu ya kuongoza na picha ya kijivu, nao wanaondoka kwa adabu.

Upepo, umande na wadudu

Upepo wa ziwa huwa na nguvu zaidi mchana na jioni, kisha usiku hewa inageuka na kutoka nchi kavu. Saa hizo za kugeuka ndizo bomba refu linapotikisika. Milimita 150 inavumilika ukiwa na ukuta wa kukukinga. Milimita 200 ni nzito zaidi na inashika upepo zaidi, na kwa paa la wazi la Capri Point siipendekezi kwa mtu yeyote, hata mwenye pesa.

Umande ni wa kila siku karibu na maji. S50 ina kipasha joto cha ndani, unakiwasha kwenye programu, ingawa kinakula betri. Kwenye Newton kioo kikuu kiko chini ya bomba na kimejikinga, kile kidogo cha juu ndicho kinachopata ukungu. Mkanda wa joto wa volti 12 unatosha.

Wadudu wa ziwani ni hadithi nyingine. Wanatoka majini kwa mamilioni, nguzo zao unaziona mbali kama moshi wa meli, na wingi wao huja hasa karibu na mwezi mwandamo, yaani tarehe zako zilezile. Taa yoyote wanaifuata. Bomba la Newton liko wazi juu, na likiachwa hivyo asubuhi unakuta wamelala juu ya kioo. Usiwafute kwa kitambaa, utakikwaruza kioo. Wapulize kwa kipulizio cha mkono, wakigoma kisafishe kwa maji safi. Kwenye lenzi ndogo iliyofungwa unapuliza mara moja, yamekwisha.

Nani anunue nini

Kama unaishi mjini, huna gari, au ni klabu ya sekondari yenye wanafunzi wengi na mwalimu mmoja wa fizikia, chukua darubini janja na anza na M83 mwezi wa sita. Saa mbili za picha kutoka mahali penye giza zinatosha kuonyesha mikono. Zima kile kichujio cha ndani cha taa za mji: kimetengenezwa kwa mawingu ya gesi, na mwanga wa galaksi ni wa rangi zote, kwa hiyo kinakula mwanga unaoutaka. Hifadhi picha moja moja, usiridhike na ile iliyopandanishwa kwenye simu, kisha zipandanishe upya kwa programu ya Siril kwenye kompyuta. Ni bure, na tofauti utaiona.

Kama una ua wako mwenyewe nje ya jiji, Magu au Misungwi au kisiwani, mahali ambapo unaweza kumwaga nguzo ya zege na kuacha kiweko kimefungwa juu yake mwaka mzima, basi nunua kioo cha milimita 150. Nguzo inafuta malalamiko yangu karibu yote: unapanga mhimili mara moja, unafunika kwa turubai, na Septemba ukiamka saa saba usiku kazi iliyobaki ni kuwasha. Hapo NGC 1365 inastahili, kwa picha za dakika tatu tatu zilizoongozwa vizuri. Canon ya mtumba isiyofanyiwa marekebisho itakupa upau na vumbi bila shida. Itakachopunguza ni yale mafundo ya waridi, kwa sababu kichujio cha kiwandani hukata sehemu kubwa ya mwanga mwekundu wa haidrojeni.

Kwa aliye katikati, mwenye dola 1,000 hivi, kishawishi ni kununua kioo kikubwa na kiweko cha bei rahisi. Asifanye hivyo. Pesa hiyo itoshe kiweko kinachoshuka hadi latitudo sifuri hata kama ni kidogo, kamera ya mtumba na lenzi ya milimita 200 au 300 aliyonayo. M83 itakuwa ndogo kwenye fremu, lakini nyota zitakuwa nukta. Bomba atalinunua mwaka mwingine, na kiweko kitakuwa kinamsubiri.